Bekapu ya Jumapili na picha za Jumatano

Wateja wangu wengi hapa Nairobi wanaamini kwamba nikirudisha bekapu (nakala ya akiba) ya Jumapili, tovuti yote itakuwa jinsi ilivyokuwa Jumapili. Mmoja tu, mama anayeuza mazulia Eastleigh, alishtuka mapema. Plagini (programu ndogo inayoongezea tovuti uwezo) ilikuwa imesasishwa, tovuti yake ikawa nyeupe pe! Akaniuliza, "Mwanangu, na picha nilizoweka Jumatano?"

Picha zenyewe, mama, haziendi popote. Ukifungua bekapu iliyo kifurushi cha tar (faili moja iliyobeba faili nyingi) juu ya folda iliyopo, faili ambayo jina lake limo kifurushini inaandikwa upya, hata kama ya sasa ni mpya zaidi. (Amri ya unzip, ya kufungua vifurushi vya zip, angalau huuliza kwanza; tar haiulizi, labda uiambie --keep-newer-files, yaani iache faili zilizo mpya zaidi.) Faili ambayo jina lake halimo haiguswi. Picha za Jumatano zitabaki ndani ya wp-content/uploads, folda ya picha ya WordPress, mfumo unaoendesha tovuti.

Shida iko kwenye hifadhidata, yaani majedwali ambamo tovuti huandika kumbukumbu zake, kama orodha ya picha na oda. Bekapu iliyotolewa kwa mysqldump, amri ya kunakili hifadhidata, kwa kawaida huanza kila jedwali na DROP TABLE IF EXISTS: jedwali la sasa linafutwa lote, la Jumapili linajengwa mahali pake. Hapo picha iko kwenye diski lakini WordPress haina habari nayo. Hilo ni dogo, picha unaisajili tena. Oda ndizo zinazoniumiza kichwa. Mteja wa Alhamisi ameshalipa, ujumbe wa M-Pesa uko kwenye simu, na dukani hakuna alama yake. Isitoshe, hesabu ya namba za oda nayo imerudi Jumapili, kwa hiyo oda mpya yaweza kupewa namba ya ile iliyofutika. Watu wawili wanadai zulia kwa namba moja! Ndiyo maana kabla ya kurudisha chochote nachukua nakala ya hali ya sasa, hata kama tovuti imekufa. Hifadhidata yake huwa nzima mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kwa yule mama hatukuhitaji bekapu nzima. Nilibadilisha jina la folda ya plagini iliyoharibika, nikaweka ya Jumapili mahali pake, hifadhidata sikuigusa. Kubadilisha jina ni muhimu: ukimwaga toleo la zamani juu ya jipya, faili zilizoongezwa na toleo jipya zinabaki zimechanganyika humo.

Tovuti ikiwa imedukuliwa, kanuni hiyo hiyo inakugeuka. Faili ya PHP (msimbo ambao tovuti huuendesha) ambayo mwizi aliipachika Jumanne haimo kwenye bekapu, basi haiguswi. Unarudisha kila kitu, ukurasa unapendeza, mteja anashukuru, na mlango wa mwizi bado uko wazi. Hapo nahamisha folda yote kando kwanza, naanza na folda tupu, halafu narudisha picha mpya moja moja nikizikagua. Mteja akiniharakisha, namwambia asubiri.