Leo nimeuona mfuko wa hewa wa usukani ukitolewa inavyopasa

Honi ya Corolla yangu ilinyamaza wiki iliyopita, na taa ya eabegi, yaani mfuko wa hewa unaofumuka gari linapogonga, ikawa haizimiki. Fundi aligundua kuwa utepe wa waya unaojikunja ndani ya usukani umekatika, na ili kuufikia ilibidi mfuko huo utolewe kwanza.

Alichomoa waya wa hasi wa betri, kisha akakataa kugusa chochote hadi zipite sekunde 90, kwa kuwa umeme uliobaki unaweza kuufyatua mfuko.

Skrubu mbili za ubavuni mwa usukani zinazoushikilia mfuko zinahitaji biti ya nyota ya T30. Gereji niliyoanzia walizilazimisha kwa bisibisi ya kawaida, na mikwaruzo yake bado inaonekana. Iliniuma sana kuiona.

Baada ya kuchomoa plagi ya manjano, aliubeba mfuko kwa mikono miwili, nembo ikielekea mbali na kifua chake, akaulaza mezani taratibu, nembo ikitazama juu, kama mtu anayelaza mtoto mchanga.

Nilijikuta nimeshusha pumzi.

Ndugu zangu, nani amewahi kufunguliwa usukani, na fundi wake alisubiri baada ya kuchomoa betri?