Nilivyochagua na kufunga beringi za kranki

Injini ilikuwa inagonga kwa chini, na taa ya oili ikiwaka kila gari likikaa sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Niliposhusha sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini, nikakuta beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) zimelika hadi shaba inaonekana.

Sikukimbilia dukani na beringi kuukuu mkononi. Beringi mpya inachaguliwa kwa kupima kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, basi. Kila shingo, yaani sehemu ya kranki inayozunguka ndani ya beringi, niliipima kwa maikromita, mwanzo na mwisho wake, kisha kwa pande mbili zinazokatana msalaba, maana shingo inaweza kuwa yai bila jicho kugundua. Za konrodi zilikuwa na mikwaruzo, zikasagwa zote kupungua 0.25 mm, na beringi zake zikawa za saizi hiyo. Za meni, zile zinazoshika kranki kwenye bloku, zilikuwa bado ndani ya vipimo, kwa hiyo zilibaki standadi, nami nikafuata namba zilizogongwa kwenye bloku na kwenye kranki kupata unene unaotakiwa. Kuchanganya hivyo hakuna tatizo lolote.

Kranki ikirudi kutoka kusagwa, osha matundu ya oili kwa brashi na mafuta ya taa, halafu upulize upepo. Unga wa chuma uliobaki humo ndio wa kwanza kufika kwenye beringi.

Beringi huwa nusu mbili. Wakati wa kufunga, kiti inapokaa na mgongo wa beringi viwe vikavu kabisa. Oili inapakwa upande wa shingo tu. Nusu yenye tundu inakaa mahali tundu la oili lilipo. Ukishaibonyeza kwa kidole gumba utaona kingo zake zimechomoza kidogo sana juu ya kiti. Wapo wanaozipiga tupa zilingane. Tafadhali usiziguse! Kifuniko kikikazwa, ziada hiyo ndiyo inayoibana beringi isizunguke, na joto lipite kwenda kwenye chuma.

Nafasi ya oili kati ya beringi na shingo niliipima kwa uzi laini wa plastiki: unaulaza juu ya shingo kavu, unakaza kwa spana ya torki, unafungua, unasoma ulivyotandazika. Kranki isizungushwe hata kidogo uzi ukiwa ndani. Kitabu cha injini kilitaka 0.02 hadi 0.05 mm, zangu zilisoma karibu 0.04.

Baada ya hapo nilipaka oili, nikarudisha vifuniko kwa namba na mshale wake, nikawa naizungusha kranki kwa mkono kila nikimaliza kukaza kimoja. Ikianza kuwa nzito, kifuniko cha mwisho kukazwa ndicho cha kufunguliwa.