Sufuria Iliyoepuliwa

Jumamosi iliyopita binti yangu alianguka kutoka kwenye mpera wa jirani, akatua na mkono wa kushoto. Msiwe na wasiwasi, ni ufa mwembamba tu karibu na kifundo. Ameshafungwa plasta ngumu na wenzake wameshaijaza majina. Lakini kwanza tulipitia chumba cha eksirei. Kijana wa mule ndani alikuwa mpole sana. Akamnyoosha mkono juu ya kile kibao, akamwambia, "Tulia hivyo hivyo, mdogo wangu, usitikisike," kisha akatoka kwa hatua za haraka, akajibanza nyuma ya ukuta wenye kioo kidogo. Mlio mmoja, basi, kwisha.

Kwenye bajaji ya kurudi nyumbani mtoto alikuwa kimya mno. Nikadhani ni maumivu. Kumbe anawaza.

"Mama, wewe ulisema haina madhara. Mbona yule kaka alikimbia?"

Ana miaka 11, huwezi kumpa jibu la kitoto. Nikamwambia kwamba picha moja ya mkono ni mionzi kidogo sana, kama ile ya asili ambayo mwili unaipata kwa saa chache kutoka ardhini na angani, hata mtu akiwa amelala kitandani kwake. Kwamba yeye amepigwa mara moja, yule kaka yuko pale kutwa, siku baada ya siku. Nikamsimulia na habari za Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison kule Marekani. Röntgen alipogundua eksirei mwaka 1895, haikupita muda Dally akawa anaweka mikono yake mwenyewe mbele ya mitambo kuijaribu, tena na tena, maana wakati huo wengi hawakujua bado kwamba inafaa kukimbia. Mikono ikaungua, ikakatwa, na mwaka 1904 akafa. Ule ukuta wenye kioo tumeupata kwa mikono ya watu kama yeye.

Mtoto akaridhika. Mimi ndiye niliyebaki nalo. Swali lile niliwahi kulisikia, karibu neno kwa neno, kutoka kwa mtu ambaye mtoto huyu amechukua macho yake.

Mtu huyo ni mama yangu, yule wa mikate ya kumimina. Alianza kutokwa na damu miaka mingi baada ya kukoma hedhi, akanyamaza nayo miezi minne.  Walimkata kipande kidogo cha nyama, kikaenda kupimwa, jibu likarudi: saratani ya mlango wa kizazi, na imeshafika mahali ambapo kisu hakisaidii. Aende Dar es Salaam akachomwe mionzi. Ilikuwa 2014 na mimi nilikuwa na mtoto mchanga, huyu huyu wa mpera. Tukaondoka Tanga watatu, tukafikia kwa mama mdogo Magomeni.

Waliowahi kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani, wanalijua lile jengo la kale la Wajerumani linalotazama bahari, na upepo wa chumvi unaokufuata hadi kwenye benchi. Vipimo, faili, kupangiwa tarehe, vyote vilipita kama ndoto ya homa. Nakumbuka vizuri siku ya kuchorwa. Ili mionzi ipige pale pale kila siku, walimchora alama za wino wa zambarau kama GV, ile dawa ya vidonda, moja chini ya kitovu na nyingine nyongani, huku na huku. Mistari ya mwanga mwekundu, myembamba kama uzi, inatoka ukutani na kukutanishwa juu ya alama hizo. Akaambiwa asizifute. Usiku ule ule alizisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikachubuka.

"Wamenichora misalaba," aliniambia. "Nitasimamaje mbele ya Mola wangu na misalaba tumboni?"

Kesho yake mtaalamu wa mionzi hakumkaripia. Aliinama, akachora upya taratibu. "Hii ni alama ya kujumlisha, mama, ile ya darasa la kwanza. Mstari wa kulala na mstari wa kusimama. Vinapokutana ndipo dawa inapoingia." Tangu hapo mama akaziita majumlisho yake, na akawa anaoga kwa kuzikwepa.

Siku ya kwanza ya kuchomwa alilala bila neno. Siku ya pili alikataa kupanda kitandani.

Namwona mpaka leo. Amesimama katikati ya chumba kile chenye baridi, khanga ameifunga kifuani, na juu yake kimeinama kile kichwa cha mashine, chuma kizito kinachozunguka kitanda. Ndani yake kuna kobalti 60. Haizimwi ile. Inatoa mionzi usiku na mchana, na kazi ya mashine ni kuifungulia kidirisha kwa muda uliopangwa na kuifungia tena.

"Baba, nikuulize," mama alimwambia yule kijana wa mionzi, ambaye alikuwa rika la mdogo wangu.

"Niulize, mama."

"Jana mmenilaza hapa, mkatoka wote mbio, mkafunga mlango. Kama hii ni dawa, mnakimbia nini?"

Foleni nje ilikuwa ndefu. Angeweza kumwambia apande tu. Badala yake aliweka faili mezani.

"Mama, ulipokuwa unawanywesha wanao dawa ya minyoo, kila mmoja akinywa na wewe ulikuwa unakunywa?"

"La."

"Mimi nawanywesha watu tangu asubuhi mpaka jioni. Hii ni dawa yako, imepimwa kwa mwili wako. Nikikaa humu na kila anayelala hapo, nitakunywa dozi za watu wote, na ugonjwa wenu sina." Akamwonyesha beji ndogo aliyoibana kifuani. "Hata kile kidogo ninachokipata, hii inakihesabu. Inapelekwa kusomwa."

Mama akafikiri. Hakuwa mtu wa kukubali ili mradi amekubali.

"Basi huyu mwanangu akae na wewe huko, anitazame," alisema. "Nisijione nimeachwa."

Ndivyo nilivyosimama kwenye chumba cha mitambo nikimwangalia mama yangu kwenye kioo cha televisheni. Picha haikuwa na rangi. Mama alikuwa mdogo, mdogo mno, kama amelazwa mbali, ng'ambo ya mto. Taa nyekundu ikawaka juu ya mlango na sekunde zikaanza kuhesabika. Nilingoja kitu kitokee. Hakikutokea. Hapakuwa na moshi wala mwali. Mama mwenyewe aliniambia baadaye kwamba hakusikia joto wala baridi, na hilo ndilo lililomtia shaka kuliko yote, dawa isiyochoma wala kuwa chungu. Nilichokiona ni midomo yake ikitembea na kidole gumba cha mkono wa kulia kikipita juu ya vidole vingine, pingili baada ya pingili. Alikuwa anavuta uradi bila tasbihi.

Kijana aliona ninavyozikazia macho zile namba. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kobalti huzeeka. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na miezi 3 hivi, kwa hiyo kila mwezi wanakokotoa upya, na muda wa kulala pale unaongezeka sekunde moja, sekunde mbili, ili mgonjwa wa leo apate kile kile alichopata mgonjwa wa mwaka jana. Sijui kwa nini jambo hilo lilinituliza. Labda ni kule kujua kwamba kuna mtu ameketi mahali anahesabu sekunde za mama yangu.

Mara nikasikia kilio. Mama mdogo alikuwa amekaa na mtoto nje kwenye benchi, na mtoto alikuwa ameamka na njaa. Maziwa yakaja yenyewe, yakalowesha blauzi mbele ya yule kijana, nikajifunika kwa mtandio. Upande mmoja, mwanangu ananililia. Upande mwingine, nyuma ya ukuta mnene wa zege, mama yangu amelala peke yake, na nimemwahidi kumtazama. Sikutoka. Nilihesabu naye hadi taa ikazimika, ikawashwa tena walipobadilisha upande, hadi ikazimika kabisa.

Mlango ulipofunguliwa nilikimbia nje, nikamchukua mtoto, nikarudi naye. Nilitaka tu mama amshike kidogo nijiweke sawa. Mama alificha mikono nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Usinipe."

"Mama, ni dakika moja."

"Usinipe, nimekwambia. Nimetoka kwenye moto uliomkimbiza mwanamume mzima. Nimshike mtoto wa miezi minne?"

Yule kijana akaingilia. Akamweleza vizuri, naye alisema kweli: mionzi ile inapita, haibaki mwilini. "Koroboi ikizimwa, mama, mwanga unabaki ukutani?"

Mama akamtazama kwa huruma kidogo, kama anavyotazamwa mtu mwerevu ambaye hajawahi kupika.

"Mwanga haubaki, baba. Lakini sufuria ikishaepuliwa haipoi papo hapo."

Hakuna aliyemjibu.

Mionzi ya nje ilikwenda siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano, na dripu mara moja kwa wiki. Akaharisha, akaishiwa nguvu, ngozi ya nyonga ikawa nyeusi kama imepakwa masizi, naye akanionyesha ngozi ile kama hakimu anayeonyesha ushahidi. Ikaja mionzi ya ndani, ile ambayo chembe ndogo inapelekwa kwa mrija hadi jirani kabisa na uvimbe, inakaa dakika zake, inarudi kwenye kasha. Hapo ndipo hofu yake ikazidi. Wakati wote huo, kule Magomeni, alimwimbia mtoto akiwa mlangoni, mtoto akiwa mkekani. Alimfulia nguo. Alimkorogea uji wa kwanza na kunikabidhi mimi kibakuli. Kumgusa, hakumgusa.

Nami sikumlazimisha. Nilikuwa nimechoka, na nilijiambia kwamba ni uamuzi wake, mwili wake. Baadaye nilikuja kusoma zaidi habari hizi, nikaona kwamba kijana alikuwa sahihi na mama hakuwa amekosea kabisa. Mionzi ya nje haibaki. Mtu anayetoka pale anaweza kumkumbatia yeyote, mjamzito, mchanga, yeyote. Lakini kazi yake ndani inaendelea. Mionzi inakata nyuzi za vinasaba vya seli, na seli nyingi haziangamii papo hapo, zinakufa baadaye, zinapojaribu kugawanyika. Uvimbe huendelea kunywea wiki kadhaa baada ya mashine kunyamaza. Sufuria ilikuwa kweli bado ya moto, ila moto wake haumuunguzi aliye nje. Laiti ningelijua hili wakati ule, ningelimwambia kwa maneno yake mwenyewe ya jikoni, na pengine angelinielewa. Au pengine asingelijali. Kuna usiku nawaza kwamba nilipaswa kumwekea tu mtoto mapajani na kuondoka. Kuna usiku nawaza kwamba wakati watu wote walikuwa wanaukata na kuupima mwili wake, kumlinda yule mtoto ndiyo kazi pekee iliyobaki mikononi mwake, na ningemnyang'anya nini tena?

Alipona. Aliishi miaka mitano mingine, na presha ndiyo iliyomchukua.

Nilimsimulia binti yangu sehemu ya haya, juzi, nikimkatia nyama vipande vidogo aweze kula kwa mkono mmoja. Akauliza, "Kwa hiyo bibi alinibeba lini?"

Tulikuwa tumesharudi Tanga. Mama alikuwa anahesabu siku bila kuniambia, tangu siku ya mwisho ya mionzi ya ndani, kama anavyohesabiwa mzazi. Siku ya 40 alioga mapema, akajifukiza udi, akavaa khanga ambayo haijaingia maji bado, akakaa mkekani barazani. "Nilete mtu wangu," akasema. Nilipomfikishia, kabla hajampokea alijigusa mashavu kwa viganja vyake, kwanza hiki, kisha hiki, akitulia kidogo kila upande, kama mtu anayepima kama sufuria imepoa.

"Nikacheka?" mtoto akauliza.

Nikamwambia ukweli. Ulikuwa unakaribia miezi minane, umeshaanza kuogopa wageni, na huyu hukuwa unamjua mikono yake. Ulilia. Ulijipinda, ukaninyooshea mimi mikono. Bibi yako hakukuachia. Alikuweka begani, akaanza kutembea nawe uani, kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye mnazi na kurudi, mlango wa jiko mpaka kwenye mnazi, mpaka ukanyamaza.