Hyuga hadi Koigaura: mawimbi ya Miyazaki, ufuo kwa ufuo

Tulianzia kaskazini mwa mkoa wa Miyazaki, Japani, mjini Hyuga, kwa sababu huko ndiko asiyejua ubao wa kuteleza juu ya mawimbi hujifunza bila kuumia. Okuragahama ni ufuo wa mchanga wa kilomita 4 hivi, na siku bahari ikiwa ndogo, wimbi huvunjika mbali, povu likatambaa hadi pwani. Anayeanza akodi ubao laini wa futi 8 au 9, asimame kwenye maji ya kiunoni na alipande povu lililokwisha kuvunjika. Wimbi ambalo halijavunjika, baadaye.

Makosa ni yale yale kwa karibu kila mtu. Ukilala nyuma mno, pua ya ubao hunyanyuka na povu likakupita. Ukijisogeza mbele mno, pua inazama, nawe unapinduka kichwa mbele. Pua ikae juu ya maji kwa vidole vitatu hivi, piga maji kwa mikono mpaka uhisi ubao unasukumwa wenyewe, kisha inuka kwa mruko mmoja. Wanaopitia magotini huzoea, na kuacha huwa shida.

Barabara ya kusini unaendesha kushoto kama kwetu, lakini leseni ya kimataifa lazima iwe ya Mkataba wa Geneva wa 1949. Ya Mkataba wa Vienna wa 1968 haikubaliki Japani.

Pwani hii inatazama mashariki, ndiyo maana tulikuwa tunaingia majini alfajiri. Saa hizo upepo wa kutoka bara hulikabili wimbi usoni, likasimama wima na laini. Jua likishapanda upepo hugeuka, bahari ikachafuka. Majira ya baridi pepo za kaskazini-magharibi hutoka bara, kwa hiyo maji huwa safi hata mchana. Suti ya mpira ya kuzuia baridi majini, ya milimita 3 na ya mwili mzima, inawatosha wengi. Kiangazi ni kaptula tu. Mawimbi makubwa huletwa na tufani, hasa Agosti hadi Oktoba. Ikiwa bado mbali kusini, mawimbi hufika yamepangika. Ikikaribia, hata fundi hukaa nchi kavu.

Kisakihama, kusini mwa jiji la Miyazaki, ndipo mashindano ya dunia ya ISA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, yalipofanyika 2019. Ni pa wenye uzoefu wa kati na kuendelea. Mafungu ya mchanga huhamahama, basi kaa ufukweni robo saa utazame kabla ya kufunga kamba mguuni. Mahali ambapo maji yana rangi nzito na mawimbi hayavunjiki ndipo mkondo unapotoka kwenda nje. Fundi huutumia kama njia. Mgeni hudhani ni pahali patulivu, akaingia papo hapo. Ukichukuliwa, ushikilie ubao na ukate upande, sambamba na ufuo. Na wimbi ni la aliye karibu zaidi na kilele linapoanzia kuvunjika. Ukimwingilia mwenzio, omba radhi hapo hapo.

Ufuo wa Aoshima, ulio mkabala na kisiwa cha jina hilo, ni jirani, na mchanga wake unamfaa tena anayejifunza. Kisiwa chenyewe kimezungukwa na matabaka ya mwamba yaliyojipanga kama ngazi: jiwe laini limeliwa na bahari, gumu likabaki. Maji yakipwa hapo ni pa kutembea na kupiga picha. Kwa ubao usisogee, maana yakijaa kingo zote zinafichika.

Kutoka hapo barabara inapanda kipito cha mlimani cha Horikiri, na bahari yote iko chini yako. Kusini kabisa, Kushima, ni Koigaura, karibu na rasi ya Toi wanakozurura farasi wa mwituni. Hapo miamba iko karibu na mawimbi yana nguvu. Asiyeweza kugeuza ubao kwa hiari yake abaki juu atazame, na anayeingia amuulize mwenyeji kwanza njia ya kutokea, kwa kuwa si kila upenyo wa kuingilia hupitika maji yakishapwa.