Mbawakawa wenye pembe ndefu na gome la mti

Hapa Mwanza, mwenye kujenga akinunua mirunda ya mikaratusi ambayo haijabanduliwa magome, huenda usiku akasikia mlio mkavu wa kitu kinachotafuna ndani ya mti. Watu wengi hukimbilia kuwalaumu mchwa, lakini mchwa hawana kelele hiyo. Anayetafuna anaweza kuwa funza wa mbawakawa wenye pembe ndefu, ambao wataalamu huwaweka katika familia ya Cerambycidae, yenye spishi zaidi ya 30,000, nyingi zikiwa za nchi za joto. Pembe hizo kwa kweli ni vipapasio, na kwa madume wengi huuzidi mwili mzima kwa urefu.

Nilipopasua gogo la mwembe lililoachwa uani na gome lake, nilikuta chini ya gome njia pana iliyopindapinda, imeshindiliwa unga wa mbao wenye nyuzinyuzi, na mwishoni mwake funza mnene wa rangi ya maziwa, kifua kipana, meno meusi, bila miguu ya kuonekana. Mbawakawa mwenyewe ukimshika hulia kwa kusugua sehemu ya juu ya kifua chake kwenye kibamba chenye mikwaruzo kilicho nyuma yake. Watoto hufurahia sana jambo hilo.

Gome ndilo mlango wake. Katika kundi la Lamiinae, ambalo ni kubwa kuliko yote katika familia hii, jike hutafuna ufa kwenye gome na kutaga yai humo. Funza akianguliwa hula kwanza tabaka laini lililo chini ya gome, lenye lishe, na baadaye ndipo huingia kwenye mti wenyewe. Kwa kuwa mti mkavu hauna lishe ya kutosha, funza aliyebaki ndani ya ubao hukua polepole mno, hata mbawakawa akaweza kutokea kwenye kabati miaka kadhaa baada ya fundi kulipwa. Kumwagia mafuta ya taa tundu ambalo mwenyewe ameshalihama ni hasara tupu, na kwa spishi zilizo nyingi hakuna kizazi kipya kitakachoanzia kwenye ubao huo usio na gome. Ukiona vitundu vidogo vinavyomwaga unga laini kama wa sembe, hiyo ni kesi nyingine: hao ni ndugu wa dumuzi wa mahindi, na wao hurudia mbao kavu.

Wapo pia wanaoshambulia miti mizima. Paranaleptes reticulata hukata tawi la mkorosho kwa kulizungushia mfereji, akataga kwenye sehemu itakayokauka, ndiyo maana wakulima wa pwani huokota matawi hayo na kuyachoma. Kwa wenye kahawa ya arabika, kama wenzetu wa Tarime, wa kuogopwa ni Monochamus leuconotus: funza wake huzunguka chini ya gome karibu na ardhi, hukata njia ya chakula cha mti, kisha huzama ndani ya shina, na kizazi kimoja kinaweza kuchukua hadi miaka miwili. Majani yakianza kuwa ya manjano, tayari ameshafika mbali. Kwa hiyo mkulima husugua sehemu ya chini ya shina ili gome liwe laini, jike akose pa kutagia, na waliokwisha kuingia huwachokonoa kwa waya.