Nilivyopanga kipimo cha ulevi kwa madereva wa malori, Mtwara

Msimu wa korosho ndio msimu wa uraka, pombe ya mabibo. Malori yanapopanga foleni kwenye maghala yakisubiri mzigo wa bandarini, mabibo nayo yanakamuliwa, na dereva aliyekaa siku mbili akingoja zamu hakosi wa kumkaribisha kikombe. Nilipokabidhiwa usimamizi wa madereva yadini, nilianza na kipimo cha alfajiri. Anayekunywa huku akiendesha ni rahisi kumjua. Wa hatari zaidi ni yule aliyekunywa jana, akalala, akaamka akiamini usingizi umemsafisha.

Hesabu yake naieleza hivi kila anapoajiriwa dereva mpya. Mwili hupunguza pombe kwenye damu kwa wastani wa asilimia 0.015 kwa saa. Aliyelala saa sita usiku akiwa na 0.12, saa kumi na mbili asubuhi bado ana 0.03 hivi. Kahawa, kuoga maji baridi, supu ya pweza, hakuna kinachoharakisha. Aliyekunywa nipa, pombe kali ya kienyeji ya kukenekwa, ndiye huniumiza kichwa zaidi, kwa kuwa ukali wake haujulikani na mnywaji hawezi kukadiria.

Sheria ya Usalama Barabarani inataja miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu, yaani 0.08. Yadini tuliandika sifuri, kila dereva akasaini. Utaratibu wa kupima niliuazima kwenye kanuni za Marekani za madereva wa magari makubwa. Huko dereva akifika 0.04 ni kosa, na akiwa kati ya 0.02 na 0.039 anaondolewa kwenye usukani kwa saa 24.

Nilichokipenda kwao ni robo saa ya kusubiri, maana hapo ndipo dereva anapotendewa haki. Mate yenye dawa ya kusukutulia au dawa ya kikohozi yenye kilevi yanaweza kuonyesha 0.06 kwa mtu ambaye hajagusa pombe. Kwa hiyo pumzi ya kwanza isiposoma sifuri simhukumu mtu. Namwambia, "Mzee, kaa hapa kivulini dakika 15. Usile, usinywe, usivute, na ukiweza usicheue." Namkalisha ninapomwona. Kilevi cha mdomoni kitakuwa kimeyeyuka. Kilichomo kwenye damu hakiendi popote. Kisha naiwasha mashine ivute hewa tupu mbele yake mpaka isome 0.00, nafungua mrija mpya akiuona, anapuliza tena. Jibu hilo la pili ndilo linaloandikwa, na lisichelewe kupita dakika 30 baada ya kipimo cha kwanza.

Mashine yenyewe inunuliwe yenye sensa ya fueli seli, inayotambua kilevi kwa njia ya kikemia. Zile za bei ya chini zenye semikondakta hushtuka hata kwa moshi wa sigara. Isiachwe kwenye dashibodi, jua la huku litaiharibu, na ipelekwe kuhakikiwa kwa muda uliotajwa na mtengenezaji. Anayepima asiwe ametoka kupaka kitakasa mikono: mvuke wake ni kilevi, na mashine inausoma.

Dawa za kulevya ni kazi nyingine. Mkojo unaotakiwa ni mililita 45, na ndani ya dakika nne natazama kipande cha joto kilichobandikwa ubavuni mwa kikombe: kiwe kati ya nyuzi 32 na 38. Ukipoa kuliko hapo, huenda umeletwa na chupa mfukoni. Bangi kwa mvutaji wa kila siku hubaki kwenye mkojo kwa wiki kadhaa, hivyo jibu halisemi amevuta leo. Kodeini ya dawa ya kikohozi nayo huonekana kama afyuni. Kwa sababu hizo kikombe cha yadini hakimfukuzi mtu kazi. Sampuli ya pili inafungwa kwa lakiri, dereva anasaini juu yake, inakwenda maabara. Na mirungi? Vikombe vingi vya kawaida havina sehemu ya kuipima, kwa hiyo dereva anayedai ametoka Songea bila kusinzia namtazama macho na namuuliza utingo wake.

Aliyezuiwa hanyang'anywi safari kimyakimya. Funguo anazikabidhi kwa dereva wa akiba mbele ya utingo, saa inaandikwa kitabuni, na harudi usukanini kabla ya kupuliza upya na kusoma 0.00.