Risiti Isiyochapishika na Njia Ambayo Majaribio Hayakuipita

Kwa muda mrefu niliiamini asilimia ya mistari ya programu iliyopitiwa na majaribio, mpaka karani wa mzani wa chama kimoja cha msingi hapa Moshi aliponipigia simu katikati ya msimu wa kahawa kunieleza kwamba risiti ya mkulima inafunguka vizuri kwenye skrini, lakini akitaka kuichapisha anajibiwa kuwa haipo.

Programu ya risiti hizo nimeiandika kwa Flask, zana ya kutengenezea programu za wavuti kwa lugha ya Python, na fanksheni moja ya risiti ilihudumia njia mbili, yaani anwani mbili za maombi: ya kutazama na ya kuchapisha. Njia ya kwanza ilitaja kwamba namba ya risiti ni namba kamili. Ya pili, niliyoiongeza baadaye kwa pupa, haikutaja, hivyo namba ilifika ikiwa maandishi, na kwa Python maandishi "12" si sawa na namba 12. Mistari yote ya fanksheni ilikuwa imepitiwa kupitia njia ya kwanza, na ripoti ikasema mia kwa mia.

Sasa kila ombi la majaribio linapomalizika ninaandika daftarini njia iliyolipokea pamoja na mbinu yake, kwani GET (ya kuomba ukurasa) na POST (ya kutuma taarifa) za anwani moja ni mambo mawili. Mwishoni ninalinganisha daftari hilo na orodha ambayo Flask yenyewe huitunza katika url_map, na njia isiyomo daftarini huyaangusha majaribio yote. HEAD na OPTIONS, mbinu nyingine ambazo Flask huziongeza yenyewe, nimeziacha nje.

Kilichonisumbua zaidi ni ombi la mtu asiyeingia: hurudishwa kwenye ukurasa wa kuingia kwa jibu la 302, fanksheni haiguswi, na bado njia inahesabiwa. Kuzikataa 302 zote hakufai, kwa maana fomu iliyopokelewa salama nayo mara nyingi hujibu vivyo hivyo. Kwa hiyo ninaandika pia ni nani aliyeomba, na kila njia yenye ulinzi inadaiwa maombi mawili: la karani, ambalo sharti lifanikiwe, na la mgeni, ambalo sharti likataliwe. (Wapo wanaoliona hili la pili kuwa la ziada, lakini kwenye mfumo unaoshika malipo ya wakulima, mimi huanza nalo.)

Nyingi kati ya njia zilizokosekana zilikuwa ripoti za kufunga msimu. Iliyonishtua ni moja ya kumfuta mkulima, iliyobaki tangu siku za matayarisho, isiyo na kitufe chochote kinachoiita. Hiyo sikuiandikia jaribio. Niliiondoa siku ileile.